Wawili wagombana, wa tatu anyamaza: Wivu na ukewenza katika nyimbo za Kampala

KAMPALA

Panda taksi ya abiria 14 inayotoka katikati ya Kampala kwenda Ntinda, Kawempe au Nateete. Kabla hujafika nusu ya safari, redio ya dereva itakuwa imekusimulia kisa cha watu watatu. Mke anamlilia mume aliyehamia kwa mwingine. Kijana analalamika kwamba rafiki yake amemchukulia mchumba alipokuwa safarini. Mwanamke mwingine anamwonya jirani aache kumzungukia mumewe. Abiria wanacheka, wengine wanatikisa kichwa, kwa kuwa kila mmoja anamjua mtu wa aina hiyo mtaani kwake.

Mapenzi ya watu watatu ni kisa kinachopendwa mno katika nyimbo za Uganda, kama ilivyo Zanzibar, Mombasa na Kinshasa. Ukiusikiliza muziki huo kwa makini, utagundua jambo moja. Maneno makali hurushwa baina ya wale wawili wanaogombea, hasa wanapokuwa wanawake. Yule anayegombewa huwa kimya. Hatukanwi sana, haulizwi sana, na mara nyingi wimbo unakwisha akiwa bado ndiye zawadi ya mshindi. Wahenga walishaliona: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Swali la nani aulizwe lina uzito mkubwa nje ya wimbo pia. Nchini Uganda limefika katika Mahakama ya Katiba, likaingia bungeni, na wakati mmoja likawa suala la uhai na kifo.

Neno moja, maumivu mawili

Lugha zenyewe zinaanza kutueleza kisa hiki kabla gita halijapigwa. Katika Kiganda, lugha inayotawala muziki wa Kampala, mke mwenza huitwa muggya. Wivu wa kumwonea mwenzako kwa alichonacho huitwa obuggya. Maneno hayo mawili yanashiriki mzizi mmoja, kana kwamba hisia hiyo ilipewa jina lake pale wanawake wawili walipoishi katika ua mmoja. Wivu wa kumlinda mpenzi asichukuliwe una neno lake lingine, ebbuba, na mwanamume huweza kuwa nao sawa na mwanamke.

Ukivuka Mto Nile kuelekea kaskazini, kwa Waacholi, mambo ni hayohayo ingawa lugha ni ya ukoo tofauti kabisa. Huko mke mwenza ni nyek, na wivu ni nyeko. Lugha mbili zisizo na udugu zimefika mahali pamoja kwa kuyatazama maisha yaleyale.

Kiswahili kimekwenda njia yake. Mke mwenza ni mwenzi, mtu unayeshirikiana naye jambo, na neno wivu halina uhusiano naye. Lakini mtaani Kiswahili hakikosi majina ya huyo wa tatu. Watanzania wana mchepuko. Wakenya wana mpango wa kando. Nyumba ndogo inaeleweka kuanzia Mwanza hadi Mombasa. Kampala nako watu humwita kwa jina la sahani ya kitoweo cha pembeni, inayoletwa kando ya chakula chenyewe.

Majina yote haya yanamlenga anayeingia katika nyumba ya watu. Ni vigumu kupata jina la mtaani lenye ukali kama huo kwa yule aliyemfungulia mlango.

Lawino na wenzake wawili

Wimbo wa watu watatu uliosafiri mbali kuliko yote kutoka Uganda haukurekodiwa studio. Ulichapishwa kama kitabu. Mwaka 1966 shirika la East African Publishing House la Nairobi lilitoa Song of Lawino, utenzi wa Okot p'Bitek, ambaye mwaka huohuo alikuwa akishika uongozi wa Kituo cha Taifa cha Utamaduni mjini Kampala, taasisi inayosimamia Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza. Toleo la Kiacholi, Wer pa Lawino, lilichapishwa mwaka 1969. Wasomaji wa Kiswahili walipata Wimbo wa Lawino mwaka 1975, kwa tafsiri ya Paul Sozigwa.

Okot hakuwa mwandishi wa kukaa maktaba tu. Alizaliwa Gulu mwaka 1931, akaichezea timu ya taifa ya soka, na mwaka 1956 akaenda nayo Uingereza. Timu iliporudi nyumbani yeye alibaki kusoma: elimu huko Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Nyimbo za Waacholi alizikusanya kwa miaka mingi, na mwaka 1974 akazitoa katika kitabu cha Horn of My Love. Humo zimo nyimbo za ngoma ya vijana, ambamo wavulana na wasichana hutongozana, hutaniana na kushindana hadharani kwa maneno.

Kisa cha Lawino ni chepesi kukieleza. Ni mke wa kijijini. Mumewe, Ocol, amesoma, anajiona mtu wa kisasa, naye amempenda mwanamke mwingine aitwaye Clementine, kwa kifupi Tina, anayepaka poda na rangi ya mdomo na kuzungumza Kiingereza. Lawino anaanza kama waanzavyo wengi: anamchambua mpinzani wake kuanzia midomo hadi umbo, kwa kejeli inayochekesha mpaka leo.

Kisha anafanya jambo ambalo nyimbo nyingi za redioni hazilifanyi. Anasema hamkatazi mumewe kuwa na mwanamke wa pili. Yeye amekulia katika jamii ya mitala na anajua kwamba mashindano ya wake wenza yana uwanja wake: jiko, ukarimu, maneno mazuri, mikono ya kazi. Kinachomuuma ni dharau. Ocol anawatukana wazazi wake, anaidharau ngoma ya kwao, anaona aibu kuitwa Mwacholi. Kuanzia hapo, kwa sehemu kubwa ya utenzi huo wenye sehemu 13, Tina anarudi nyuma na lawama inamwangukia mume. Ndiyo maana kitabu kilisomwa kama hoja juu ya Afrika na ukoloni. Hata hivyo, kabla ya kuwa hoja, kilikuwa malalamiko ya mke aliyeachwa, na bila malalamiko hayo hoja isingeingia mioyoni mwa watu.

Okot hakuishia hapo. Mwaka 1970 alitoa Song of Ocol, jibu la mume. Wasomaji waliokuwa wakingoja Ocol aeleze kwa nini alimtupa mke mmoja akamfuata mwingine hawakupata jibu hilo. Anamwamuru Lawino afungashe virago vyake aondoke, kisha anaishambulia Afrika nzima: vijiji, mila, ufugaji, hata rangi ya ngozi. Ni jibu la mtu anayepaza sauti ili asiulizwe swali lililo mbele yake.

Mwaka 1971 ikafuata Song of Malaya, iliyochapishwa pamoja na Song of Prisoner katika kitabu cha Two Songs. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Neno la kichwani halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili. Sasa anayeimba ni yule anayelaumiwa na kila mtu. Anawakaribisha wateja wake, mabaharia, askari, wanafunzi na wakubwa wenye heshima zao. Wanaomtukana anawajibu, na wake wa ndoa wamo. Jibu lake ni kwamba mlango wake haujifungui wenyewe. Hao wanaoubisha wana majina na nyumba zao.

Kwa hiyo, ndani ya miaka mitano, mwandishi mmoja aliziimbia pembe tatu: mke, mume na mwanamke wa nje. Wanawake wawili, licha ya matusi yao, wanasema wanachokitaka. Mume peke yake ndiye anayekwepa.

Gita moja, sauti nyingi

Wakati vitabu vya Okot vikienea mashuleni, Kampala ilikuwa tayari na mahakama yake ya mapenzi katika muziki wa kadongo kamu. Jina hilo la Kiganda maana yake ni kinanda kidogo kimoja, yaani gita moja linalomtosha msimulizi. Christopher Ssebadduka hutajwa na wengi kama baba wa muziki huo. Waliofuata, wakiwemo Herman Basudde, aliyefariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1997, na Paul Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, waliufanya uwe kioo cha maisha ya Buganda.

Wimbo wa kadongo kamu hauna haraka. Unaweza kuchukua dakika kumi au zaidi, na kiitikio hakina umuhimu mkubwa kama kisa chenyewe. Mwimbaji hutaja mtaa, barabara, soko, siku ya wiki. Humwigiza mke kwa sauti ya mke, jirani mmbea kwa sauti ya jirani, na wazee wanaoitwa kuamua kwa sauti nzito ya wazee. Msikilizaji hukaa kama aliyehudhuria baraza. Mwishoni hutolewa funzo, na funzo lenyewe mara nyingi ni onyo: chunga unayemleta nyumbani, chunga unayemwambia siri zako, Kampala si mchezo.

Mji wenyewe ni mhusika katika nyimbo hizi. Mume anatoka kijijini kutafuta kazi, anapanga chumba, anazoea. Baada ya muda chumba kinakuwa na mapazia ambayo mkewe hakuyanunua. Mke aliyeachwa na shamba la migomba na watoto anapanda basi bila kutoa taarifa, mkononi ana kuku wa zawadi, na anafunguliwa mlango na mwanamke asiyemjua. Visa vya namna hii vinachekesha kwa jinsi vinavyosimuliwa, na vinauma kwa sababu ndivyo familia nyingi zilivyogawanyika kati ya shamba na mji tangu enzi za ukoloni.

Wasomi wameuchukulia muziki huu kwa uzito. Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza, mtaalamu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Makerere, aliandika uchambuzi wa wimbo mmoja tu wa kadongo kamu, uitwao Kayanda, na kichwa cha uchambuzi huo kilitaja mambo matatu: jinsia, kabila na siasa. Anayeusikia muziki huu kama umbea wa mapenzi tu anaweza kupitwa na mengi.

Lakini baraza hili lina kasoro. Tangu mwanzo, wengi wanaoshika gita hilo ni wanaume. Mke anapolia ndani ya wimbo, mara nyingi ni mwanamume anayelia kwa niaba yake, na mwanamume huyohuyo ndiye anayeigiza sauti ya mwanamke wa nje. Lawino naye, pamoja na uhai wote alionao, aliandikwa na mwanamume. Haishangazi basi kwamba mgogoro husimuliwa kwa undani mkubwa unapokuwa kati ya wanawake, na hupunguzwa kasi unapomfikia mwenye nyumba.

Pwani walivyoigawa sauti

Kwa msomaji wa pwani, tofauti inaonekana mara moja. Huko, ugomvi wa kimapenzi uliwekwa mikononi mwa wanawake wenyewe. Siti binti Saad, aliyeanza kurekodi santuri za Kiswahili mjini Bombay mwaka 1928, alikuwa mwanamke aliyeimba mwenyewe. Katika wimbo wa Kijiti, uliozungumzia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, mwanamume aliyelaumiwa alitajwa kwa jina, na jina hilo ndilo likawa jina la wimbo.

Miaka ya 1990, Dar es Salaam ilishuhudia mashindano makali ya mipasho kati ya vikundi vya Tanzania One Theatre na Muungano, huku Khadija Kopa na Nasma Khamis wakiwa ndio nyota wa pambano hilo. Kazi ya wimbo wa namna hiyo haiishii jukwaani. Mwanamke anayetaka kumpa ujumbe mgonvi wake husimama ubeti unaomfaa unapofika, akaenda kumtunza mwimbaji huku akicheza mbele ya anayemlenga. Hakusema lolote, na kila mtu ukumbini ameelewa. Kelly Askew, mtafiti wa Marekani aliyeandika kitabu juu ya muziki na siasa za utamaduni Tanzania, ameeleza kwa kirefu jinsi tendo hilo la kutunza linavyogeuza wimbo wa mwingine kuwa kauli yako.

Kampala haina desturi hiyo kwa namna ileile, ila ina za kwake. Katika baa za mitaani, vikundi vya vijana huigiza nyimbo zinazopigwa kwenye spika, mmoja akivaa kama mke, mwingine kama mwanamke wa pembeni, na watazamaji huwapa noti yule waliyemwonea huruma au aliyewachekesha zaidi. Kwenye redio, msikilizaji hutuma salamu na kuchagua wimbo, na wanaomjua wanajua salamu hiyo inakwenda kwa nani.

Hata hivyo mipasho nayo haijaiponya kasoro ya msingi. Sauti ni ya mwanamke, lakini anayepashwa ni mwanamke mwenzake. Mume aliyesababisha yote huenda amekaa meza ya nyuma, anakunywa soda yake.

Ugonjwa ulipoingia katika wimbo

Kuna wakati ambapo kisa cha watu watatu kiliacha kuwa cha kuchekesha nchini Uganda. Katika miaka ya 1980 Ukimwi ulianza kumaliza familia, na serikali ikaja na kampeni iliyotumia lugha ya wafugaji: kila mtu abaki na malisho ya zizini kwake, asizurure. Ujumbe huo ulieleweka haraka katika nchi ya ng'ombe. Kwa mara ya kwanza, mambo ambayo wimbo uliyaita wivu yakaitwa na madaktari njia ya maambukizi.

Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongole Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden na ambaye alikuwa kipenzi cha Uganda kwa albamu yake ya Born in Africa, alirudi nyumbani na kutangaza hadharani kwamba ana ugonjwa huo. Hakuna Mganda mashuhuri aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Wapo waliodhani ni mbinu ya kuuza kaseti. Alizunguka shuleni, makanisani na kwenye mikutano akieleza na kuimba, mwili ukipungua mbele ya macho ya watu, mpaka alipofariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 38. Wimbo wake Alone ukawa wa taifa zima.

Lutaaya hakuimba juu ya mpinzani. Hakumtafuta mwanamke wa kumtwika lawama. Alijisimamisha yeye mwenyewe, mwanamume, mbele ya watu, akasema hali yake. Katika historia ndefu ya nyimbo za mapenzi nchini humo, ilikuwa mara adimu ambapo mtu wa pembe ile iliyozoea kunyamaza alifungua kinywa.

Wimbo unapofika mahakamani

Upande wa sheria ulichelewa. Kwa miaka mingi kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Uganda kilifanya uzinzi kuwa kosa la jinai, lakini kwa mizani miwili. Mwanamke aliyeolewa alikuwa na kosa akilala na mwanamume yeyote asiye mumewe. Mwanamume aliyeoa alikuwa na kosa pale tu alipolala na mke wa mtu. Akiwa na msichana asiyeolewa, sheria haikuwa na neno naye. Ukimya wa mume uliokuwa katika nyimbo ulikuwa umeandikwa pia katika kitabu cha sheria.

Talaka nayo ilikuwa hivyohivyo. Chini ya sheria ya talaka iliyorithiwa kutoka mwaka 1904, mume aliweza kuomba talaka kwa kuthibitisha uzinzi peke yake. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi na juu yake kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa. Chama cha wanasheria wanawake wa Uganda, FIDA, kilipinga vifungu hivyo, na mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ikakubali kwamba vinabagua.

Tarehe 5 Aprili 2007 mahakama hiyo ilitoa uamuzi mwingine, katika shauri lililofunguliwa na shirika la Law and Advocacy for Women in Uganda. Kifungu cha 154 kilibatilishwa. Uamuzi huohuo uligusa pia sheria ya urithi, na hapo ndipo inapoonekana kwa nini wake wenza huimbiana kwa uchungu kiasi kile.

Sheria hiyo ya urithi ilikuwa na hesabu yake kwa mwanamume aliyefariki bila wosia. Asilimia 1 ilikwenda kwa mrithi wa kimila, asilimia 9 kwa ndugu wategemezi, asilimia 75 kwa watoto, na asilimia 15 kwa wajane. Neno la kuzingatia ni wajane. Fungu lilikuwa moja, na wote waligawana sawasawa. Mjane akiwa peke yake alipata asilimia 15. Wakiwa wawili, kila mmoja alipata saba na nusu. Wakiwa watatu, tano. Juu ya hayo, haki ya mjane kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa ilikoma akiolewa tena. Kwa hiyo kila mara mume alipoongeza mke, fungu la aliyetangulia lilipungua bila yeye kuulizwa.

Anayeujua mgawanyo huo ataisikiliza tofauti ile nyimbo ya mke anayemfukuza mwenzake. Nyuma ya matusi juu ya sura na mavazi kuna kipande cha ardhi, ada za shule, na paa la nyumba. Bunge lilirekebisha sheria hiyo mwaka 2022, na fungu la mwenzi wa marehemu likapandishwa hadi asilimia 20, kwa mume na mke bila ubaguzi. Watoto walibaki na asilimia 75.

Mahali ambapo sheria imekwama ni kwa wale wanaoishi pamoja bila ndoa, na ni wengi. Muswada wa ndoa na talaka uliogusa mali za wenzi wa namna hiyo ulizua kelele kubwa, na mwaka 2013 uliwekwa kando. Mwanamke ambaye wimbo unamwita mwizi wa mume anaweza kuwa amekaa naye miaka mingi, amemzalia watoto na amechangia matofali ya nyumba. Watoto wake wana fungu lao katika urithi. Yeye mwenyewe anaweza kutoka mikono mitupu. Katika wimbo hapewi nafasi ya kulieleza hilo, isipokuwa Okot amsemee.

Kiswahili chaingia chumbani

Kwa muda mrefu Kiswahili kilibeba jina baya Uganda. Wengi walikisikia kwanza kutoka kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, na hawakukihusisha na maneno matamu. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Nyimbo zilikuwa zimetangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Jose Chameleone, kijana wa Kampala aliyeanza kung'ara akiwa Nairobi na Ogopa Deejays, aliwafanya Waganda waimbe Kiswahili cha mapenzi kwa nyimbo kama Mama Mia. Baadaye Juliana Kanyomozi aliungana na Bushoke wa Tanzania katika Usiende Mbali. Jina la wimbo huo linatosha kueleza unachoomba, na uliombwa kwa lugha ambayo wazazi wa mashabiki wengi wa Juliana walikuwa wakiiogopa. Hapo jumuiya ya Afrika Mashariki ilijengwa bila mkutano wa marais: Mtanzania na Mganda wakibembelezana katika kipaza sauti kimoja, na msikilizaji wa Kisumu akielewa kila neno.

Wanawake nao wamezidi kushika kipaza sauti hicho wenyewe. Juliana, Iryn Namubiru, Rema Namakula na Sheebah Karungi wanajaza kumbi kwa majina yao, na wanapoimba juu ya kuachwa au kuchezewa, wengi wao humgeukia mwanamume moja kwa moja. Wimbo wa Rema uitwao Siri Muyembe, maana yake mimi si embe, unamwambia mtongozaji asimchukulie kama tunda. Mpinzani wa kike hana nafasi katika kauli hiyo.

Badala ya kumwuliza mwanamke mwenzake kwa nini amekuja, mwimbaji anamwuliza mwanamume kwa nini alikwenda. Mahakama ya Katiba iliuliza jambo hilohilo mwaka 2007. Lawino alikuwa amekwisha kuliuliza mwaka 1966. Okot p'Bitek alirudi Kampala mwaka 1982 kufundisha uandishi wa kubuni Makerere, baada ya miaka ya kuishi uhamishoni nchini Kenya, akafariki Julai ya mwaka huo akiwa na umri wa miaka 51. Song of Ocol ilibaki kama alivyoiacha, ikiwa na kelele nyingi, na swali la mke likiwa bado halijajibiwa.